Kompyuta Kuukuu Ina Kazi Yake

Kuna ubishi ambao haujapata kuisha katika shule yetu. Kila nijapo likizoni kutazama mashine nausikia tena, kwa hiyo nimeona afadhali niutie katika gazeti hili, wanafunzi wausome, na wanafunzi wa zamani walio makazini wausome vilevile, kwa maana sehemu ya mwisho yawahusu wao zaidi.

Ubishi wenyewe ni huu. Wako wasemao kwamba kompyuta za chumba kile cha nyuma ya maktaba ni takataka, zitupwe zote, maana ni za Windows 7 na dunia imekwisha kupita huko. Na wako wasemao, tena hawa ndio wengi, kwamba kitu kinachofanya kazi hakina ubaya: mashine yawaka, kivinjari chafunguka, kurasa zasomeka, basi shida iko wapi? Mimi nasema pande zote mbili zimekosa. Mashine zile si takataka hata kidogo. Lakini kuzitumia kama mzitumiavyo sasa, kufungulia barua pepe, kuombea nafasi za chuo kikuu, hata kuandikia habari za fedha za wazazi wenu, ni jambo la hatari, na hatari yenyewe haionekani kwa macho.

Kwanza tufahamiane juu ya neno hili "kuukuu". Sanduku la kompyuta halizeeki upesi. Ukilipangusa vumbi na kulitia feni mpya laweza kuishi miaka mingi. Kinachozeeka ni mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayoiamsha mashine na kuamuru kila kitu ndani yake. Windows XP ilitolewa mwaka 2001, na Microsoft wakaacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ilitolewa Oktoba 2009, ikaachwa tarehe 14 Januari 2020. Makampuni yaliyolipa fedha za ziada yakaendelea kuhudumiwa mpaka Januari 2023, kisha hayo nayo yakaambiwa basi. Windows 8.1 ikaachwa mwezi uo huo wa Januari 2023. Na Windows 10, ambayo wengi wenu mwaiona kuwa ni ya kisasa kabisa, ilifikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watu binafsi wanaojiandikisha uliongezwa muda, nao ulipangwa kwisha tarehe 13 Oktoba 2026.

Kuachwa maana yake nini? Si kwamba mashine huzimika siku hiyo. Asubuhi yake yawaka kama ilivyowaka jana, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Programu yoyote kubwa imeandikwa na binadamu, na binadamu huacha matundu. Matundu hayo hugunduliwa moja moja, pengine na watu wema, pengine na wezi. Jumanne ya pili ya kila mwezi Microsoft hutoa viraka vya kuyaziba. Mfumo ukiachwa, fundi yule aliyekuwa akipita kila mwezi hapiti tena. Matundu yaendelea kugunduliwa, lakini hakuna azibaye.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa hali ni mbaya kuliko ya wahenga, kwa sababu ukuta si wako. Maandishi ya Windows yamefungwa. Hata ungekuwa fundi hodari namna gani, huwezi kuchukua udongo ukaziba mwenyewe. Aliyeujenga ndiye peke yake awezaye kuuziba, naye amekwisha kwenda zake.

Tena liko jambo jingine ambalo watu hawalifikirii. Windows 7, 8.1, 10 na 11 ni ndugu wa tumbo moja, nao wamerithiana sehemu nyingi. Kiraka kinapotolewa kwa mdogo, wezi hukichukua, wakakipekua ili kujua kimeziba tundu gani, kisha huenda kwa kaka yake aliyeachwa wakatazama kama tundu hilo liko kwake. Mara nyingi liko. Basi kila mwezi mwenye mfumo mpya anapohudumiwa, mwenye mfumo wa kale huonyeshwa kwa wezi mahali pa kuingilia.

Msidhani haya ni maneno ya kutishia watoto. Siku ya Ijumaa, tarehe 12 Mei 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kuenea, na kwa muda wa siku chache tu kikawa kimeingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Kilikuwa kikiyafungia mafaili yote ya mtu, kisha chadai dola 300 kwa sarafu ya Bitcoin ili kiyafungue. Huko Uingereza hospitali za serikali zilivurugika vibaya. Wagonjwa kwa maelfu waliahirishiwa miadi yao, na magari ya wagonjwa yakageuzwa kupelekwa kwingine.

Sasa sikilizeni. Tundu lile Microsoft walikuwa wameliziba tangu tarehe 14 Machi 2017, karibu miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakutia kiraka. Siku zile ilivuma sana kwamba lawama ni ya Windows XP, lakini wengi wa waliopatwa walikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa hai na yapokea viraka kama kawaida. Microsoft walifanya jambo wasilolifanya mara kwa mara, wakatoa kiraka cha Windows XP ingawa walikuwa wameiacha miaka 3 nyuma. Hakuna mtu apaswaye kuutegemea wema wa namna hiyo mara ya pili.

Jambo linalonihangaisha mimi zaidi katika habari hiyo ni hili: kirusi kile hakikumhitaji mtu afungue ukurasa wala barua yoyote. Kilitambaa chenyewe kutoka mashine hata mashine katika nyaya. Chumba chetu kina mashine kumi zilizofungwa katika kisanduku kimoja, na kisanduku hicho kimeungwa na ofisi, ambako alama zenu na karo za wazazi wenu zimeandikwa. Anayecheza ovyo katika mashine ya pembeni hachezi na mashine ile peke yake.

Haya, twende kwa kivinjari, kwa kuwa wanafunzi wengi hunijibu hivi: "Lakini mimi natia kivinjari kizuri, kitanilinda." Jibu hili lina ukweli nusu, na ukweli wenyewe yafaa tuupe haki yake.

Kivinjari ndicho mlango wa mbele wa nyumba. Kila ukurasa mnaoufungua huleta ndani ya mashine maandishi, picha, na programu ndogo ndogo zilizoandikwa na watu msiowajua, na mashine huziendesha papo hapo. Watengenezaji wa vivinjari vizuri wamejenga kizimba ambamo programu hizo huchezea zisitoke. Basi kivinjari kipya chenye kizimba imara ni bora mara nyingi kuliko cha kale, hata katika mashine kuukuu. Hilo nakubali. Lakini kizimba chenyewe kimesimama juu ya sakafu, na sakafu hiyo ni mfumo endeshi. Sakafu ikiwa imeoza, mwizi hana haja ya kuvunja fito, hupita chini.

Na hata hivyo vivinjari vipya vyenyewe havipatikani tena kwa mashine hizi. Chrome iliishia toleo la 49 kwa Windows XP, mwaka 2016. Kwa Windows 7 na 8.1 iliishia toleo la 109, Januari 2023. Mkiiona katika mashine zetu ikisema kwamba haiwezi kusasishwa, si uvivu wa mtandao wa shule, ni mwisho wa njia. Internet Explorer, ile yenye herufi ya buluu, Microsoft wenyewe waliistaafisha tarehe 15 Juni 2022, na asiwepo mtu wa kuifungua kwa kazi yoyote. Imebaki Firefox. Kwa Windows XP iliishia toleo la 52, nalo limekufa zamani. Kwa Windows 7 iko Firefox 115, ile ya kutunzwa muda mrefu, iliyotoka Julai 2023, na Mozilla wamekuwa wakiisogeza mbele tarehe ya kuiacha, zaidi ya mara moja. Nawashukuru, lakini tarehe inayosogezwa si tarehe ya kujengea nyumba. Kabla ya kuitumia tazameni katika ukurasa wao kama bado yahudumiwa; kama haihudumiwi, mashine hiyo isiingie mtandaoni, shauri limekwisha.

Yako pia mambo ya vyeti, nayo ndiyo yaletayo maulizo mengi kuliko yote. Tovuti ya kweli hukionyesha kivinjari cheti, na kivinjari hukilinganisha na orodha ya watoa vyeti wanaoaminiwa. Katika mashine kuukuu orodha hiyo huchakaa. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja kikubwa kilichokuwa kikitegemewa na tovuti nyingi zilizopewa vyeti na Let's Encrypt kilikwisha muda wake, na mashine nyingi za kale duniani zikaanza kuzikataa tovuti zisizo na kosa lolote. Firefox hubeba orodha yake yenyewe bila kuitegemea ile ya Windows, nayo ni sababu mojawapo ya kuipendelea.

Lakini ubaya wa mambo haya si ule ukurasa uliokataa kufunguka. Ubaya ni mazoea. Nimesimama nyuma ya wanafunzi nikawatazama. Onyo latokea kwamba muunganisho si salama, na mkono waenda wenyewe kubonyeza "endelea", bila hata jicho kusoma. Mtu aliyezoea kulipuuza onyo lisilo na maana, siku onyo la kweli lijapo atalipuuza vilevile, naye atakuwa ameandika neno lake la siri katika ukurasa wa mwizi.

Na maonyo mengi niliyoyakuta katika chumba kile yalikuwa na sababu ndogo ya kuchekesha. Ndani ya kila kompyuta mna betri ya duara, mfano wa sarafu, iitwayo CR2032, inayoiwezesha saa kutembea wakati umeme umezimwa. Betri hiyo ikifa, mashine huamka ikidhani ni mwaka 2009, na cheti cha mwaka huu huonekana kwake kuwa hakijaanza. Basi mashine yalia kwamba tovuti zote ni za udanganyifu! Kabla ya kubonyeza "endelea" tazama saa pembeni mwa kioo. Betri hizo huuzwa katika duka lolote la saa, na kuibadilisha hakuhitaji fundi, ila mzime umeme kwanza.

Mtaniuliza, basi tufanyeje, nasi mashine ndizo hizo hizo? Nitawaambia nionavyo, wala si kwa utaratibu wa kitabu.

La kwanza na kubwa kuliko yote ni kuchagua kazi. Mashine kuukuu ni ya kusoma. Ni ya kutafuta habari za historia na jiografia, kutazama maswali ya mitihani iliyopita, kujifunza kuandika programu, kupiga chapa insha. Katika kazi hizo, hata mwizi akiingia hakuti kitu cha kuchukua. Si mashine ya kuingilia mahali popote panapotaka neno la siri lenye thamani. Na katika maneno ya siri yote, lenye thamani kupita yote ni la barua pepe, ingawa ninyi mwalichezea sana. Huduma nyingi, mtu akisahau neno lake, hulirejesha kupitia barua pepe. Kwa hiyo aliye na barua pepe yako ana ufunguo wa milango yako mingine yote, pamoja na ule wa KUCCPS wa kuombea chuo na ule wa HELB wa kuombea mkopo.

Namjua kijana mmoja, si wa shule hii, aliyekwenda katika saiba moja ya mjini kufungua barua pepe. Mashine ilikuwa kuukuu kama hizi zetu. Kivinjari kikamwuliza kama kilihifadhi neno la siri, naye kwa haraka akakubali, akalipa akaenda zake. Alimaliza mwezi mzima akiandika barua na kupiga simu ili apate kuaminiwa kwamba yeye ndiye mwenyewe, na siku za kubadili kozi zikampita. Huenda hakukuwa na kirusi chochote katika kisa hicho. Kijana tu aliyeketi baada yake. Lakini fikirini: ikiwa mkono wa jirani watosha kufanya hayo, je, programu inayokaa ndani ya mashine mwaka mzima ikiandika kila herufi inayopigwa?

Kwa sababu hiyo sitaki kusikia tena kwamba lile dirisha la faragha la kivinjari litawalinda. Dirisha la faragha husahau mlikokwenda. Ni jambo zuri katika mashine ya watu wengi, na mlitumie. Walakini halimzuii aliyekwisha ingia ndani ya mashine kuona mnachoandika. Wala msinijibu ati mna programu ya kuua virusi. Hiyo humtambua mwizi ambaye picha yake imekwisha bandikwa. Matundu yabaki vilevile.

Yako mambo ya kusaidia, nayo si magumu. Msifanye kazi katika akaunti ya msimamizi. Fungueni akaunti ya mtu wa kawaida, ambayo haiwezi kutia programu mpya bila neno la siri la mwalimu. Programu nyingi mbaya hushindwa hapo. Tieni katika Firefox kiongezo cha uBlock Origin, maana matangazo ya pembeni ni njia mojawapo kubwa ya kuletea uchafu, tena kurasa zitafunguka upesi zaidi, jambo ambalo mashine zetu zinalihitaji. Ondoeni Flash Player na Java ya kivinjari kama ziko. Flash iliachwa na waliyoitengeneza tarehe 31 Desemba 2020, basi ukurasa wowote ukuambiao leo kwamba lazima utie Flash mpya ndipo uone picha, ni ukurasa wa udanganyifu. Kadhalika lile dirisha jekundu lipigalo kelele kwamba kompyuta yako ina virusi na upige simu nambari fulani. Lifunge. Likikataa, zima mashine. Na michezo ya bure iliyovunjwa kufuli, mnayoletwa kwa flashi kutoka nyumbani, imeharibu mashine nyingi katika chumba kile kuliko umeme wa radi.

Juu ya M-Pesa neno moja tu: nambari yake ya siri huandikwa katika simu, haiandikwi katika kompyuta. Ukurasa unaokuomba nambari hiyo ni wa mwizi, mashine iwe mpya iwe kuukuu.

Na kwa kuwa nimeitaja simu, nisije nikaeleweka vibaya. Nimewaambia msifungue barua pepe katika mashine zile, nanyi mtatumia simu ya mzazi wakati wa likizo. Simu nayo ni kompyuta. Tazameni katika mipangilio yake tarehe ya sasisho la usalama la mwisho. Ikiwa ni ya miaka 4 au 5 nyuma, mmetoka katika nyumba mbovu mkaingia katika nyumba mbovu ndogo zaidi.

Sasa nageuka kwenu, wanafunzi wa zamani. Mmeisaidia shule hii, hakuna anayekana. Mashine zote za chumba kile ni zawadi zenu. Lakini wimbi lingine laja, nami nataka niliseme kabla halijafika. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haikubali kutiwa katika mashine isiyo na kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakataji cha miaka ya karibuni. Kwa hiyo baada ya Windows 10 kuachwa, maofisi mengi, huku kwetu na Ulaya, yanaondoa mashine nzima nzima ambazo hazina ugonjwa wowote. Nyingi zitatolewa sadaka kwa shule, na picha zitapigwa, mkuu wa shule akipeana mkono na mtoaji. Mimi nasema asitoe mtu mashine ya namna hiyo ikiwa na mfumo uliokufa ndani yake, wala shule isiipokee. Kufanya hivyo ni kuwapa watoto mzigo ambao ofisi yenyewe imeona ni hatari kuubeba.

Zileteni, ila zileteni zikiwa na mfumo ulio hai. Linux haina ada, na maandishi yake yako wazi, kiasi kwamba mafundi wa dunia nzima huweza kuziba ufa wake bila kumngoja mwenye kampuni mmoja. Linux Mint 22 ilitolewa mwaka 2024 nayo yahudumiwa mpaka mwaka 2029. Yahitaji RAM ya GB 2 kwa uchache na GB 4 kwa raha, na kichakataji cha biti 64, ambacho hata Core 2 Duo zetu zile za kale wanacho. Mtu huweza kuijaribu kutoka katika flashi bila kufuta kitu, akaona kama yamfaa. Ndani yake huja Firefox ya leo, si ya mwaka 2023. Huo ndio ulinzi wa kivinjari unaostahili jina hilo. Na diski ya SSD, hata ndogo, huifanya mashine ya mwaka 2010 iamke kama kijana. Anayetaka kutoa fedha badala ya sanduku, na atoe za kununulia hizo na RAM. Pale Luthuli Avenue, Nairobi, zauzwa.

Tena kabla ya kutoa, futeni diski zenu sawasawa. Katika mashine moja niliyoifungua hapa nilikuta bado mna maneno ya siri ya mtoaji, barua zake, na hesabu za wateja wake, mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili ambao ni wadadisi kuliko polisi.

Najua lipo pingamizi, nalo si la kijinga. Mwalimu wa somo la kompyuta ameniambia kwamba mtihani wa vitendo hutaka mwanafunzi azoee majedwali na hifadhidata, na vitabu alivyo navyo vyaeleza programu za Microsoft. Atakayefanya mtihani kwa programu asiyoizoea ataanguka, na Linux haitamwombea radhi. Nakubali. LibreOffice hufanya karibu kazi zote hizo, lakini "karibu" si neno la kumpelekea mtahiniwa. Basi ziachwe mashine nne na Windows 7 yake kwa ajili ya mazoezi, na waya wa mtandao ung'olewe, usiwepo kabisa. Mashine isiyo na waya haiibiwi kwa njia ya mtandao. Ibaki kuangalia flashi tu, na mwalimu awe nayo moja ya kuhamishia kazi, ambayo haitoki chumbani.

Wengine watanung'unika kwamba mashine bila mtandao ni jiwe. Hawaijui Kiwix. Ni programu ya bure inayoweka Wikipedia katika diski, ikasomwa bila mtandao wowote. Ile ya Kiswahili haichukui nafasi kubwa hata katika diski zetu. Mvulana anayetaka kusoma habari za Vita vya Maji Maji hana haja ya waya kwa ajili hiyo.

Pingamizi la pili ni la majivuno, nalo silipi uzito. Ati Linux si kompyuta ya ofisini, na anayejifunzia huko atachekwa akifika Nairobi. Sehemu kubwa ya mitambo inayopokea kurasa mnazozifungua ni ya Linux, na ndani ya kila simu ya Android mna Linux. Wachekaji wenyewe waitembeza mifukoni.

Likizo ya Agosti nitakuja na flashi mbili zenye Linux Mint na betri kumi za CR2032. Naomba nikute mashine sita za safu ya dirishani zimeachwa wazi, mafaili yenye maana yamekwisha nakiliwa, na wanafunzi wanne wasio na haraka ya kwenda nyumbani wakae nami siku mbili tuzifanye pamoja, ili mwakani wasiningoje. Waya za zile nne nyingine nitazing'oa mimi mwenyewe. Na mwanafunzi wa zamani mwenye RAM ya DDR2 au DDR3 asiyoihitaji aiache kwa karani wa shule, ndani ya bahasha, na aandike juu yake ni ya GB ngapi.